Darasa la Popo

Treni ilitushusha Makambako asubuhi, siku moja na nusu baada ya wakati uliotangazwa. Nilikuwa nimepandia Mlimba nikiwa na shati la mikono mifupi, kandambili, na mfuko wa salfeti uliobeba blanketi moja na cheti changu cha kidato cha nne nilichokizungushia nailoni. Huko bondeni nilikotoka nilikuwa nimevuna mpunga wa watu kwa misimu miwili, mahali ambapo hata kivuli kina joto. Treni ilipanda polepole, ikiingia handaki na kutoka, na kila tulipotoka hewa ilikuwa nyingine. Kwenye stesheni moja ndogo tulikaa tangu mchana hadi kulipopambazuka, kwa sababu kichwa cha treni kilikuwa kimekwenda kuvuta mabehewa ya mizigo yaliyokwama mbele. Abiria wazoefu walitoa masweta. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu na tenga la kuku aliniona nimejikunyata.

"Baba, huko uendako una ndugu mwenye koti?"

Nikamwambia sina ndugu.

"Basi utajuta," akasema, akanikatia nusu ya kiazi cha kuchemsha. "Kula hiki. Ndicho utakachokula mpaka uondoke."

Sina kisa kikubwa cha kueleza kwa nini sikai mahali. Nilizaliwa Urambo, kwenye tumbaku, nikasoma huko mpaka kidato cha nne, nikaondoka. Nimeishi Kilosa, nimeishi Ifakara, nimeishi sehemu ambazo sikumbuki hata jina la mwenye nyumba. Kila ninapokaa nakumbuka nilipotoka, na siku nikirudi nilipotoka sikuti kile nilichokuwa nakikumbuka. Nilifika Makambako nikiwa na miaka arobaini na mmoja, mwezi wa sita, na asubuhi ya pili nilitoka nje nikakuta majani yamekuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi. Nilidhani mtu amefanya fujo, kumbe ni umande ulioganda.

Nilipata kazi kwenye mashine ya kupasulia mbao, upande wa Mahongole. Kazi yangu ilikuwa kubeba mabanzi, yale mapande ya pembeni yenye magome yanayobaki gogo likishapasuliwa. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja aliyeishi na mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka mitano. Mama wa mtoto alikuwa akichuma chai Lupembe, na alikuja mara chache akiwa na vidole vyeusi na kifuko cha majani ya chai ya kiwandani. Yule bibi alikuwa mrefu, miguu inamsumbua, na hakupenda maneno mengi. Siku ya kwanza aliniamkia kwa lugha ya kwao, "Kamwene," nami sikujua nijibu nini. Mtoto ndiye aliyenong'ona, "Sema kamwene." Nikasema. Bibi akacheka, akanionyesha chumba.

Mwezi wa kumi na moja msitu wa pale ulikwisha, mwenye mashine akaihamisha. Wenzangu wakaifuata. Mimi nilibaki, si kwa kupenda, ila nilikuwa na homa siku waliyoondoka. Nilipopona, katekista wa kigango alikuja kuniona. Kigango chetu kilikuwa kanisa dogo la matofali ambalo paroko alilifikia mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote katekista ndiye aliyekuwa kila kitu.

"Nasikia una cheti cha fomu foo," alisema.

"Ninacho. Lakini daraja lake si la kujivunia."

"Watoto wa chekechea hawataliuliza daraja."

Ndivyo nilivyopata ualimu. Januari nilipewa watoto kumi na saba, boksi la chaki lililolowa, na chumba. Chumba kile kilikuwa stoo ya viazi ya kigango. Kilikuwa kirefu, sakafu ya udongo, mlango mmoja, na hakikuwa na dirisha hata moja. Nusu ya nyuma kulikuwa na viazi vya kula, vimerundikwa hadi kifuani. Nilipomwomba katekista anitobolee dirisha, alinitazama kama mtu aliyeomba kuvunja altare.

"Mwalimu, wewe umetoka kwenye mpunga. Kiazi kikiona mwanga kinakuwa kijani, kinakuwa kichungu, hakiuziki. Hiki chumba kilijengwa giza kwa makusudi."

"Na watoto?"

"Watoto hawageuki kijani."

Alicheka kwa utani wake mwenyewe, akaniachia ufunguo.

Mwanzoni niliacha mlango wazi. Lakini upepo wa kule unaingia kama mtu mwenye shughuli zake, na Februari ukungu ulikuwa unaingia pamoja nao. Watoto wakatetemeka, kamasi zikawatoka, na katekista akapita kila siku kuurudisha mlango kwa ajili ya viazi vyake. Ukifungwa, chaki haikuonekana ubaoni. Hapo ndipo nilipokumbuka Urambo. Mimi herufi nilizijua kwenye mchanga. Mwalimu wetu alituketisha nje tukachora kwa kidole, na mpaka leo nikiwaza herufi nahisi mchanga wa moto kwenye ncha ya kidole cha shahada. Niliwaza: kama hawawezi kuona, basi washike.

Nilirudi pale mashine ilipokuwa, nikaokota mabanzi. Niliazima msumeno wa mkono, nikachonga herufi moja moja, kubwa kama kiganja cha mtu mzima, na kila moja nikaipigilia kwenye kibao chake. Juu ya kila herufi nikabandika, kwa gundi ya mbao, kitu ambacho jina lake linaanza na herufi ile. Watoto ndio walioleta vitu. S tuliivisha sufu ya kondoo wa jirani. M ilijaa punje za mahindi. A ilikuwa ya mbegu za alizeti, G ya gome la mti wa muwati, K ya kokoto, N ya nyuzi za katani tulizochambua kwenye magunia. V tuliinyunyizia vumbi la tofali lililosagwa. Dereva mmoja aliyetoka Makete alinipa maua makavu ya pareto, tukapata P. C na H nilizikalisha kwenye kibao kimoja, na mjukuu wa bibi akaleta majani ya chai ya mama yake. Kibao kile alikuwa akikinusa kabla hajakitaja.

E ilinishinda. Nilitafuta wiki nzima kitu cha E kinachopatikana kijijini, nisikipate. Nikaiacha mbao tupu. Watoto wakaiita "ile iliyo uchi", na kila ilipotokea walicheka mpaka wakaanguka juu ya viazi.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa wa gunia. Vibao vyote vinaingia kwenye gunia, mtoto anaingiza mikono, anapapasa, anataja, kisha anatoa. Siku za jua tulitoka nje tukafinyanga ng'ombe na sufuria kwa udongo, tukapaka rangi kwa mkaa na majani, lakini vibao nilivibakiza ndani ili umande usiachanishe gundi. Kufika Aprili, watoto kumi na saba walikuwa wanataja herufi zote bila kukosea, gizani, mlango umefungwa. Nilisimama katikati ya lile giza lenye harufu ya viazi, nikisikia sauti ndogo zikisema "N! G! A!", na naweza kusema kwamba kwa miezi ile sikuwaza kuhama.

Kijijini walituita darasa la popo. Mama mmoja mwenye mapacha ndiye aliyelianzisha jina hilo. Alikuwa akija kuwachukua wanawe, anasimama mlangoni na kuita, "Popo wangu wawili, tokeni!" Kisha ananigeukia. "Mwalimu, mwenzio wa chekechea ya barabarani watoto wake wana daftari mbili mbili, zimejaa vema nyekundu. Wangu wanarudi na gundi kwenye nywele. Nimwonyeshe nini baba yao?"

"Mwulize mwanao herufi yoyote."

"Nimemwuliza. Ananiambia nilete gunia."

Sote tulicheka. Nilidhani ni utani mzuri.

Kuna siku nyingine niliyocheka. Panya wa stoo waliivua S sufu yake yote, wakaenda kutandikia watoto wao. Asubuhi mtoto mmoja aliingiza mkono kwenye gunia, akapapasa ile S iliyonyonyolewa, akasema kwa sauti, "E!" Darasa likamkubalia. Nikacheka pamoja nao, nikawaambia panya ni wezi, na jioni ile ile nikatafuta sufu nyingine nikaibandika.

Mwezi wa nane paroko alikuja kwa Misa, na katekista, ambaye sasa alikuwa ananijivunia, akapanga onyesho baada ya baraka. Watoto walifungwa vitambaa machoni mbele ya waumini wote. Mjukuu wa bibi alikuwa wa mwisho. Alisimama na gauni la sikukuu, akataja vibao vyote akitoa kimoja kimoja, haraka kuliko katekista alivyoweza kuvipokea. Waumini walipiga vigelegele. Paroko alimshika kichwa. Alisema kuna shule ya masista Njombe mjini, ya bweni, na kuna mfadhili anayesomesha mtoto mmoja kila mwaka kutoka vigango vya parokia. Mwaka huu, akasema, nafasi iende kwa huyu, mradi afaulu usaili wa kuingia darasa la kwanza.

Bibi hakupiga vigelegele. Alikuja kunitafuta nyuma ya nyumba nilikokuwa napasua kuni, akakaa kwenye gogo.

"Mwalimu, nikuulize. Atafaulu?"

"Atafaulu, bibi."

"Usinijibu haraka hivyo." Alinyoosha mguu wake mbaya. "Mjomba wake wa Mlangali, kule Ludewa, amepiga simu mara tatu. Mke amejifungua, shamba linawasubiri, wanataka mtoto wa kumshika mtoto. Anamtaka huyu."

"Ana miaka sita!"

"Na mimi nilishika watoto nikiwa na miaka sita. Si mtu mbaya. Mahindi ninayokula ni yake, maharage ni yake. Nikimwambia mtoto anasoma hapa kijijini, atasema atasoma hata kule mwakani. Na wewe unajua mwakani ya mtu mwenye shamba." Akausugua ule mguu. "Lakini shule ya masista, yenye kitanda na chakula, hiyo hawezi kuipinga. Nimemwambia asubiri usaili. Akikosa, anakuja kumchukua."

"Hatakosa," nikasema.

Naliandika neno lile kama nilivyolisema, maana ndilo lililofanya bibi alale vizuri kwa miezi miwili. Alimshonea mtoto sketi. Alianza kuwaambia majirani, kwa sauti ya chini, kwamba mjukuu atakuwa Njombe.

Tulikwenda sisi watatu, Oktoba, kwa basi la asubuhi. Mtoto alikaa dirishani, akahesabu misonobari mpaka namba alizozijua zikamwishia, akaanza upya. Shule ya masista ilikuwa imepakwa chokaa nyeupe, na chumba cha usaili kilikuwa na madirisha pande mbili, makubwa, ya vioo. Nilipoingia nililazimika kufumba macho kidogo. Mtoto alisimama kizingitini, akanishika suruali.

"Ingia, mama, usiogope," alisema sista. Alikuwa mtu mzima, mpole, ana miwani. Bibi alibaki nje kwenye benchi. Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma.

Sista aliweka kadi nyeupe mezani, yenye herufi moja nyeusi. Ilikuwa M. Mtoto alifumba macho, akaweka viganja vyote viwili juu ya kadi, akaanza kuipapasa.

"Fungua macho, mama. Hii ni ya kutazama."

Akafungua. Akaendelea kupapasa. Kadi ilikuwa laini. Akanitazama mimi, akamtazama sista.

"E," akasema.

"Hapana. Jaribu hii." Ilikuwa A.

"E."

"Na hii?"

Alipapasa kwa muda mrefu zaidi, akainusa, akatabasamu kidogo kama mtu anayejaribu kupatana na mwenzake. "Hii nayo E. Zote ziko uchi."

Sista alitoa kadi saba au nane. Ilipotokea E yenyewe, mtoto alisema E, na sista akaniangalia juu ya miwani. "Mwalimu, anajua moja tu?"

"Sista, anazijua zote. Mbele ya paroko alizitaja zote. Naomba nirudi nilete vibao, utaona."

"Vibao gani?"

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nadhani alielewa kabla yangu, kwa sababu alivua miwani akaifuta bila haja. Kisha akampa mtoto penseli aandike chochote. Mtoto aliishika kama anavyoshikwa mwiko wa ugali, na ncha ikakatika.

Nilimwomba sista dakika chache. Nilitoka na mtoto uani, nikachuchumaa mahali penye vumbi, nikachora S kwa kidole, kubwa, kama nilivyochorewa mimi Urambo.

"Hii ni nini? Tazama vizuri, mwanangu. Usishike. Tazama."

Alitazama. Kisha, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha, akashusha mkono akaligusa vumbi, na uso ukamng'aa.

"V!" akasema.

Sikumsahihisha. Nilibaki nimechuchumaa. Niliona mwaka mzima, kibao baada ya kibao, na niliona kwamba sikuwa nimemfundisha mtoto yeyote herufi hata moja. Walichokuwa wanakijua ni sufu, na kokoto, na gome, na jina nililowapa la kuita kila kimoja. Umbo lenyewe, lile nililochonga kwa msumeno wa kuazima, hakuna aliyelijali, kwani hakuhitaji. Panya walikuwa wameniambia jambo hilo, nami nikacheka.

Bibi aliinuka benchini alipotuona. "Amejibu?"

"Sista anasema mwakani aletwe tena," nikasema, maana ndivyo sista alivyosema.

Alikaa tena, polepole. Mtoto alienda akaweka kichwa kwenye paja lake, akamwambia kwamba mle ndani mna mwanga sana.

Kwenye basi la kurudi nilijaribu kumweleza. Nilisema, "Bibi, kosa si lake. Kosa ni langu. Nilimfundisha vibaya." Alikuwa anatazama nje.

"Usimtetee," akasema. "Mbele ya watu wote kanisani alikuwa anajua. Ameona kilemba cha sista akaogopa. Mama yake naye alikuwa hivyo hivyo, mwoga. Ndiyo maana yuko kwenye chai."

"Bibi, hata wale wengine hawajui. Wote."

"Wewe mwalimu unasema hawajui, halafu unasema wanajua. Mimi sikusoma. Niache."

Mtoto alikuwa kati yetu, anasikia. Tangu siku ile, mtu akimwuliza kwa nini hakuchukuliwa, alijibu, "Mimi mwoga." Kijiji kizima kilikubaliana hivyo. Mimi sikusimama kanisani kusema vingine. Nilikuwa na Jumapili saba za kusimama.

Kesho yake darasani nilichukua kisu, nikabandua kila kitu kwenye vibao, sufu, punje, nyuzi, vyote, nikafungua mlango wazi, viazi viwe kijani vikitaka. Nikawaita watoto mmoja mmoja kwenye mwanga. E, wakasema. E, E, E. Pacha mmoja alipata O, akasema kwamba imefanana na mdomo. Nikamkumbatia, naye akashangaa.

Nilianza upya na chaki. Nilikuwa na wiki tatu. Viazi vya vinyungu, vile vya mabondeni vinavyovunwa wakati wa kiangazi, vikaanza kuletwa kigangoni, na katekista akaja na vijana wa kubeba magunia.

"Tunahitaji chumba chote, mwalimu. Maliza mwaka mapema, Januari tutaona."

"Bado hawajui kusoma."

"Wanajua! Parokia nzima iliona." Akanipiga begani. "Usivunjike moyo kwa sababu ya mmoja aliyeogopa."

Nikamweleza na yeye. Alinisikiliza akiwa ameshika gunia upande mmoja, akasema taratibu, "Hilo usimwambie paroko." Na magunia yakaendelea kuingia. Mama wa mapacha alikuwa ameshawaandikisha wanawe barabarani, penye daftari. Alipopita aliniamkia kwa heshima, hakutania. Hilo liliniuma kuliko popo wote.

Jioni, uani kwa bibi, nilimfundisha mtoto kwa mkaa kwenye banzi. Alijitahidi. Alikunja uso akatazama, na mikono nilimwambia aikalie. Lakini furaha ilikuwa imemtoka; kila herufi aliijibu kwa sauti ya kuuliza. Aliishika A, aliishika O, aliishika M siku nyingine na siku nyingine akaipoteza. Nilikwenda Njombe mara moja zaidi, peke yangu, kumwomba sista ampime tena Januari. Alinikaribisha chai. Alisema nafasi imekwisha kwenda kigango kingine, kwa mtoto wa kiume anayeandika jina lake lote. Alisema hivyo kwa huruma, na nilikunywa chai yote ili nisionekane nina kinyongo.

Mjomba alikuja mwanzoni mwa Desemba na pikapu ya kuazima. Nilikuwa nimemjengea sura kichwani, na haikuwa yake. Alikuwa mwembamba, mcheshi, suruali ina tope la shambani. Alishusha gunia la mahindi, akamwamkia bibi, mama yake, akiwa amepiga goti moja, akaja kunipa mkono.

"Mwalimu, nasikia ulimpeleka mpaka Njombe. Asante. Wengine hata kujaribu hawajaribu."

"Utampeleka shule?"

"Mwakani, Mungu akipenda. Huyu mdogo akishaanza kutembea." Akamwita mtoto, akampa kifurushi. Ndani kulikuwa na kanga mpya, nyekundu, bado ina gamu ya dukani. "Ya kumbebea mdogo wako. Ni yako, si ya mke wangu."

Mtoto alikuwa hajawahi kupewa kitu kipya kilichokuwa chake. Aliinusa, akaipitisha shavuni.

Sikuwa nimepanga kuondoka siku ile. Lakini nilipowaona wanafunga sanduku lake, niliingia chumbani nikakunja blanketi. Sikuona nitakaaje katika nyumba ile, nikisikia bibi peke yake upande wa pili wa ukuta. Nilimwomba mjomba lifti mpaka Njombe. Kutoka pale ningetafuta basi la Songea, au la popote. Bibi alikuwa mlangoni nilipotoka na mfuko.

"Na wewe?"

"Na mimi, bibi."

Alitikisa kichwa, hakukasirika. "Nilijua. Wiki uliyofika nilimwambia huyu mtoto, mpangaji usimzoee." Kisha akampaka mtoto mafuta usoni na miguuni kwa mara ya mwisho, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria, akarudi ndani kabla gari halijawaka.

Tulikaa mbele watatu, mtoto katikati. Njia nzima mjomba alieleza habari za Mlangali, bei ya maharage, mvua iliyochelewa, jinsi mtoto mchanga alivyo mnene. Mtoto alimwuliza kama ana meno. Bado, mjomba akasema. Akamwuliza kama analia sana. Akibebwa halii. Hapo mtoto akavua sweta lake, akalikunja likawa kama kifurushi, akalitupia mgongoni na kujaribu kulifunga kwa ile kanga. Nafasi ilikuwa ndogo, kiwiko chake kilinipiga mbavuni. Sweta likateleza, akalichukua, akaanza tena.

Njombe stendi mjomba alisimama bila kuzima gari, kwa kuwa betri ilikuwa mbovu. Nilishuka na mfuko wangu. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia mtoto tangu Makambako, kwamba hakuwa mwoga, kwamba siku ile hakukosea yeye. Nilisimama nimeushika mlango. Alikuwa ameinama, kidevu kimekandamiza ncha moja ya kanga, anahangaika na fundo.

"Juu zaidi," mjomba alikuwa anamwelekeza. "Juu ya matiti, hivyo. Kaza. Ukilegeza ataanguka."

"Hivi?"

"Kaza tena."

Nikafunga mlango, na gari likaondoka kuelekea Ludewa.